Mashine ya gemu kwa milioni moja na laki mbili: hesabu wati kabla ya kadi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayekaa Tabata, Dar es Salaam, alikuja kwangu na shilingi 1,200,000 na masharti yake. Hela hiyo itoshe kila kitu, kuanzia kioo mpaka mausi. Kompyuta iwe moja tu: yeye achapie mitihani na kujumlisha alama, mwanawe wa kidato cha tatu achezee gemu. Na asije akawa mtu wa kushinda kwa fundi. Kijana naye alikuwa na orodha yake: mpira, yaani EA FC 24, halafu GTA V, Fortnite, na Valorant ambayo wenzake wa mtaani wanaicheza usiku. Ilikuwa katikati ya mwaka 2025, na tarehe hiyo ina uzito wake kama itakavyoonekana mbele.

Karibu kila anayekuja na bajeti ya namna hii anaanza na swali moja kuhusu kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu: nichukue ipi? Kijana wa mwalimu hakuwa tofauti. Alishaangalia video za kutosha na jibu alikuwa nalo mfukoni: RX 580 ya kampuni ya AMD, yenye kumbukumbu ya GB 8. Mimi nasema kwa milioni na ushee, kadi ni uamuzi wa mwisho. Kinachotangulia ni boksi litakaloibeba, yaani kompyuta yenyewe bila kioo. Lina nafasi kiasi gani ndani, na pawa saplai yake, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, inatoa wati ngapi za kweli? Ukishajibu hayo mawili, orodha ya kadi inajifupisha yenyewe hadi mbili tatu, na hapo ndipo unapouliza bei.

Kwanza lakini kulikuwa na swali la mwalimu, mama wa kijana, ambalo ni la haki kabisa: "Fundi, kwa nini nisimchukulie tu PS4 ya mtumba yakaisha?"

Kwa gemu peke yake, PS4 ya mtumba ingekuwa rahisi zaidi na mpira ungechezeka bila shida. Lakini mitihani isingechapika. Halafu kwenye PS4, gemu nyingi za kulipia ukitaka kucheza na watu mtandaoni unalipia PlayStation Plus. Kwenye kompyuta hakuna ada hiyo. Valorant haipo kwenye PS4. Na duka la Epic hutoa gemu za bure kila wiki; GTA V yenyewe iliwahi kutolewa bure hapo Mei 2020. Mwalimu alisikia neno mitihani, mjadala wa PS4 ukafa.

Njia ya pili ilikuwa kuunga mashine mpya kipande kwa kipande. Hapa chaguo la watu wenye hela ndogo kwa miaka kadhaa limekuwa prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G: kori sita (sehemu zinazofanya kazi), nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), na grafiki yake iko ndani ya prosesa, kwa hiyo unaanza bila kadi na kuiongeza ukipata. Naipenda hiyo njia. Madabodi (ubao mkuu) za AM4, zinazoipokea prosesa hiyo, zina prosesa nyingi nzuri za kupandia baadaye. Tatizo ni hesabu ya Kariakoo: prosesa, madabodi, RAM (kumbukumbu ya kazi), diski, kasha na pawa saplai ya maana vilikuwa vinakaribia kumaliza milioni yote kabla hatujagusa kioo. Na grafiki ya ndani ya 5600G, kwa uwezo, haifiki nusu ya GTX 1650, kadi ya NVIDIA tutakayoifikia mbele. Kijana angecheza Valorant vizuri na GTA V kwa kuvumilia. Kama mama angekuwa na mpango wa kuongeza laki tatu nyingine mwezi wa Desemba, ningemshauri huko. Hakuwa nao.

Ikabaki njia ya tatu: kompyuta ya ofisi iliyotumika. Hizi ndizo Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre zinazotoka kwenye makampuni ya Ulaya na Ghuba yakibadilisha vifaa, zikaingia hapa kwa makontena. Nairobi wanaziita ex-UK, hata zile ambazo Uingereza hazijawahi kuiona. Zimetengenezwa kwa ajili ya kazi ya siku nzima, vipuri vyake vimejaa, na leseni ya Windows imeandikwa kwenye madabodi yenyewe, kwa hiyo ukiipiga upya inajisajili bila kuulizwa namba.

Sasa tulipofika kwenye maduka ya mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na jirani zake ndipo uchaguzi ulipoanza kweli.

Muuzaji akisema "hii ni Core i5," yaani prosesa ya Intel, bado hajakuambia kitu. i5 ya 2014 na i5 ya 2018 ni vitu viwili tofauti vyenye kibandiko kinachofanana. Namba baada ya kistari ndiyo inayosema: i5-4590 ni kizazi cha nne, kori nne, RAM ya DDR3, aina ya zamani. i5-7500 ni kizazi cha saba, bado kori nne. i5-8500 ni kizazi cha nane, na hapo Intel waliruka hadi kori sita kwa bei ileile ya zamani, RAM ikiwa DDR4. Kwa mnunuzi wa mtumba, hatua ya kutoka saba kwenda nane ni kubwa kuliko hatua zote tatu zilizoitangulia zikijumlishwa. Na kuna jambo la pili: Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa prosesa chache za kabla yake, wakati Windows 10 ilikuwa imetangaziwa mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kumuuzia mwalimu mashine ya kizazi cha sita mwezi wa Julai ilikuwa ni kumuuzia kitu chenye miezi mitatu ya amani. Tofauti ya bei kati ya kizazi cha sita na cha nane siku ile ilikuwa kama laki moja na nusu. Inauma, lakini ndiyo laki na nusu yenye kazi kubwa kuliko zote kwenye kisa hiki.

Umbo la boksi ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji mpaka uulize. Mashine hizi hutoka kwa maumbo matatu. Ile ndogo kama kitabu kinene haina hata sehemu ya kuchomeka kadi, achana nayo. Ya kati, nyembamba, wanayoilaza chini ya kioo, inachukua kadi fupi za nusu kimo tu, na kadi hizo ni adimu mjini na zinauzwa ghali kuliko ndugu zake za kimo kamili. Tuliyoitaka ni tawa, ile iliyosimama. Siku ile kulikuwa na OptiPlex 5060 za aina mbili dukani, nyembamba kwa 430,000 na tawa kwa 480,000, zote i5-8500, GB 8 za RAM na SSD ya GB 256. Mwalimu alivutiwa na nyembamba kwa sababu haijazi meza. Elfu hamsini hiyo ya tofauti ndiyo iliyotufungulia mlango wa kadi za kawaida.

Fungua tawa hiyo, angalia kibandiko cha pawa saplai: wati 260. Kijana aliposoma alikunja uso. "Anko, RX 580 wanasema inataka wati 500."

Tukakaa tukapiga hesabu pale pale kaunta. i5-8500 imepangiwa wati 65. Madabodi, RAM, diski na feni tuseme 30. Tumefika 95. RX 580 yenyewe imepangiwa 185. Jumla 280, tayari tumepita, na bado hatujaacha hata tone la akiba kwa zile sekunde ambazo kadi huruka juu ya kiwango chake. Zaidi ya hapo, RX 580 inataka waya wa pini nane unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na hii ya Dell haina waya huo. Kubadilisha pawa saplai nzima? Soketi ya Dell kwenye madabodi hii si ile ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo unahitaji adapta. Na pawa saplai ya kawaida nayo inaweza isikae kwenye nafasi yake ndani ya kasha.

Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia kwenye zile pawa saplai za bei ya chini zilizoandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa. Geuza, tafuta jedwali dogo ubavuni, angalia mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Nilimwonyesha kijana moja iliyokuwa rafuni: +12V, ampea 14. Zidisha: 12 mara 14 ni 168. Hiyo ndiyo "500" yenyewe. Ile ya Dell iliyoandikwa 260 kwa unyenyekevu ilikuwa na nguvu zaidi pale panapohusika, na imetengenezwa na watu wanaojua kwamba ikiungua, kampuni iliyonunua mashine 2,000 itapiga simu.

Kwa hiyo kikomo chetu kikajulikana: kadi isiyohitaji waya wa ziada, inayokula umeme kupitia sloti peke yake. Kanuni za PCI Express (PCIe), mfumo unaounganisha kadi na madabodi, zinaipa sloti ndefu hadi wati 75. Ukijumlisha na zile 95, unapata 170 kwenye pawa saplai ya 260. Hapo inapumua.

Ndani ya wati 75 mwaka 2025 kulikuwa na majina manne ya kuzungumzwa. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. GTX 1650 ya 2019. RX 6400 ya 2022. Na RTX 3050, lakini ile ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayokula wati 70; yenye GB 8 inataka waya. RTX 3050 GB 6 ndiyo bora kuliko zote na ilikuwa inagharimu zaidi ya boksi zima, kwa hiyo tuliitazama tukaendelea. RX 6400 ina kasoro moja ambayo haionekani kwenye boksi lake: inatumia njia nne tu za PCIe za kupitishia data. Kwenye madabodi mpya za PCIe 4.0 haisumbui sana. Kwenye OptiPlex 5060 ambayo ni 3.0, upana huo unagawanywa nusu, na kadi ya GB 4 inapojaa ndipo unapoiona ikikwama. Ikabaki 1050 Ti na 1650.

1050 Ti ilikuwa inatembea kwa kama laki moja na themanini, 1650 kwa laki tatu na kitu. EA waliitaja 1050 Ti kama kadi ya chini kabisa ya FC 24, yaani ukiinunua leo unaanzia mkiani. Lakini sababu iliyonimalizia mjadala ni draiva, ile programu inayoiongoza kadi. Katikati ya 2025 NVIDIA walitangaza kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa familia ya GTX 10, ambayo 1050 Ti imo. Baada ya hapo ni viraka vya usalama tu hadi 2028. GTX 1650 ni ya familia inayofuata na inaendelea kupata draiva kamili. Mama aliyesema hataki kurudi kwa fundi hawezi kupewa kadi ambayo mwenye kiwanda ameshaipa mkono wa kwaheri. Na RX 580 ya kijana nayo, kwa upande wa AMD, ilishahamishiwa kwenye kundi la draiva za matengenezo tangu mwishoni mwa 2023. Hilo halisemwi kwenye zile video.

Kabla hatujapata 1650, tulikutana na kitu kinachostahili aya yake. Kibanda kimoja kilikuwa na "GTX 1050 Ti 4GB" kwa 140,000. Kibandiko safi, feni inang'aa, boksi jeupe lisilo na jina la kampuni. Nilipoigeuza upande wa matundu, palikuwa na tundu la bluu la VGA, lile la vioo vya zamani. Familia ya GTX 10 haitoi yenyewe ishara ya VGA. NVIDIA waliiondoa kabisa. Unakuta HDMI, DisplayPort, na mara nyingi DVI, basi. Kadi ya namna ile kwa kawaida ni GTS 450 au GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, ambazo zimeandikwa upya BIOS yake (programu ya ndani ya kadi) ili zijitangaze kwa jina jingine. Windows inadanganyika. Anayeikamata ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z, ambayo tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Ninayo kwenye flashi siku zote. Muuzaji hakubisha, alisema na yeye kauziwa hivyo, na huenda ni kweli. Kijana alibaki anaiangalia kadi ile kwa mshangao zaidi ya alivyoiangalia ile tuliyoinunua.

GTX 1650 tuliyochukua ilikuwa ya feni moja, fupi, kama sentimita 17, kwa 320,000. Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, 1650 nyingine zina tundu la pini sita mgongoni kwa sababu kampuni iliyoiunda imeipandisha kasi. Hizo hazitufai, hata kama jina ni lilelile. La pili, kuna matoleo mawili ya kumbukumbu. La 2019 lina GDDR5, la 2020 lina GDDR6, na la pili linasafirisha data GB 192 kwa sekunde badala ya 128. Muuzaji hakuwa na habari na bei ilikuwa moja. Tukachukua la pili.

Kabla ya kutoa hela ya boksi nina utaratibu wangu, nao si wa siri. Washa, bonyeza F2 kabla Windows haijapanda, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe. Ikidai nywila, irudishe rafuni: mashine za makampuni huja zikiwa zimefungwa na idara ya IT ya huko zilikotoka, na kwenye Dell kuifungua ni shughuli. Angalia ukurasa wa taarifa za mfumo, usome prosesa ni ipi kweli, na RAM imekaa vipande vingapi na kwenye sloti zipi. Angalia kama Secure Boot (kinga ya wakati mashine inapowaka) ipo na TPM (chipu ya usalama) inaonekana. Valorant kwenye Windows 11 inavidai vyote viwili, na mashine nyingi za mtumba hupigwa Windows kwa mfumo wa zamani ambao Secure Boot haiukubali. Yetu ilikuwa hivyo. Tukabadilisha mpangilio, tukapiga Windows upya, ikajisajili yenyewe.

RAM ilikuwa kipande kimoja cha GB 8. Tukaongeza kingine kama hicho kwa 55,000, tukavichomeka kila kimoja kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya data. Wapo wanaosema hilo ni la kutafuta umaridadi tu. Nilipima GTA V kwa kipande kimoja kabla ya kuongeza: ukiendesha gari kwa kasi katikati ya mji, fremu, yaani picha zinazopita kiooni, zilishuka hadi arobaini na kitu kwa sekunde, na picha ilikuwa inadunda. Kwa vipande viwili, pale pale, haikushuka chini ya sitini isipokuwa mara chache. Sehemu ya faida hiyo ni ukubwa na sehemu ni chaneli mbili. Sikuzitenganisha kwa sababu mwalimu alikuwa anahitaji zote.

Diski: GB 256 hazitoshi. FC 24 inaomba nafasi ya GB 100, GTA V nayo ni zaidi ya hapo siku hizi, na Windows inakaa. SSD ya SATA ya GB 512, 85,000. Kwa gemu hizi hutaona tofauti kubwa kati ya SATA na NVMe, aina yenye kasi zaidi, na ile GB 256 iliyokuja na boksi ikabaki ya Windows na mitihani.

Kioo kilitaka macho. Vioo vya ofisi vya inchi 22 vinafanana kwa nje, lakini vingi, kama Dell P2213, ni 1680 kwa 1050, wakati P2217H ni 1920 kwa 1080. Vingine vya zamani vina VGA na DVI tu. Soma namba ya mgongoni, usimsikilize mtu. Tulilipa 130,000. Kibodi na mausi 30,000. Kifaa cha kulinda mashine umeme unapopanda na kushuka, 40,000, nacho sikukubali kijadiliwe.

Jumla 1,140,000. Elfu sitini iliyobaki ililipa usafiri, kebo, pesti mpya ya prosesa na bando la kupakulia gemu ya kwanza. Gemu nyingine zilitoka kwa binamu yake Segerea: Steam tangu 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja kupeana mafaili ya gemu bila kuyapakua tena kwenye intaneti, na kwa bei za bando zetu hiyo ni hela halisi. Zile gemu za kukopi zinazouzwa kwenye flashi niliomba zisiingie kwenye mashine yenye mitihani ya darasa la saba.

Matokeo, kwa 1080p, yaani picha ya 1920 kwa 1080. Valorant inapita fremu 144 kwa sekunde bila jasho, ingawa kioo chenyewe kinaonyesha 60. Fortnite kwenye mpangilio wa utendaji inapita mia. FC 24 kwenye mipangilio ya kati inashikilia 60. GTA V kwenye mipangilio ya juu inacheza kati ya 60 na 90, kutegemea uko mjini au porini. Joto la kadi kwenye chumba kisicho na AC lilifika sabini na kitu, ambalo ni la kawaida. Gemu kubwa za 2024 na 2025 zitaingia kwa mipangilio ya chini au hazitaingia kabisa; GB 4 za kadi ndizo zinazobana, na hilo nilimwambia kijana kabla ya kulipa.

Halafu kuna umeme, ambao kwenye hesabu za mashine za gemu watu wanausahau. Mwalimu yuko kwenye kundi la D1 la TANESCO, shirika la umeme, yaani wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti, 122 ukiweka VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti (EWURA) 1. Uniti ya 76 na kuendelea ni 350 kabla ya kodi. Mashine hii na kioo chake, katikati ya gemu, inavuta kama wati 200. Saa tatu kila usiku ni uniti 0.6, mwezi mzima uniti 18. Nyumba yake ilikuwa inatumia hamsini na kitu. Kwa hiyo inaingia ndani ya 75, lakini kwa kubanana. Ile RX 580 ingeongeza wati mia moja nyingine juu yake, uniti tisa kwa mwezi, na hapo anavuka mpaka, anaanza kununua uniti za 350, na akizidi hivyo kwa muda anaweza kuhamishwa kundi akalipa 292 kwa kila uniti anayotumia, pamoja na ya jokofu na pasi. Nilipomwonyesha hesabu hiyo, mwalimu alitoa kalamu akaikagua mwenyewe kwenye karatasi, akanirudishia, akasema, "Basi gemu ni Ijumaa hadi Jumapili." Kijana akaniangalia kama mtu niliyemuuza.

Nikiulizwa leo kama orodha ile bado ni ileile, jibu ni kwamba mantiki imebaki na bei zimehama. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia; Micron, watengenezaji wa RAM, walitangaza Desemba mwaka ule kuachana na bidhaa zao za Crucial kwa wateja wa kawaida. Hilo linaifanya njia ya kuunga mashine mpya iwe ngumu zaidi kwa bajeti hii, na linaipa thamani kompyuta ya ofisi inayokuja na RAM yake ndani. Ushauri wangu sasa ni kutafuta boksi ambalo tayari lina GB 16, hata kama ni elfu themanini juu, kuliko kununua kipande pembeni. Na kwa kuwa Windows 10 imeshafungwa, mashine za kizazi cha sita na saba zinatupwa sokoni kwa bei ya kutamanisha. Kwa mtu wa mitihani tu anayekubali kutumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, sawa. Kwa mwenye mtoto wa Valorant, hapana.

Kijana ameshaanza kuulizia hatua inayofuata. Ndani ya boksi lile kuna nafasi ya mambo mawili bila kugusa pawa saplai: i7-8700 ya mtumba, kori sita nyuzi 12, nayo imepangiwa wati 65 zilezile, na RTX 3050 ya GB 6 itakaposhuka bei, wati 70, tano chini ya iliyopo. Kati ya hivyo viwili, kwa gemu anazocheza aanze na kadi. Ila akiniuliza mimi, kabla ya vyote hivyo hela ya kwanza atakayoipata aiweke kwenye kioo cha 144Hz, yaani kinachoonyesha fremu 144 kwa sekunde, kwa sababu Valorant inatoa fremu ambazo kioo cha sasa hakiwezi kumwonyesha.